Gonga maneno yako kwenye chuma, halafu mtafute atakayeyasoma

Herufi 96, hazizidi hapo. Ndiyo kazi yote inayomkabili mwenye pochi ya sarafu za mtandao anapotaka maneno yake 24 ya siri yaishi kuliko nyumba anayolala. Kwa kila neno herufi nne za mwanzo zinatosha, kwani waliotunga orodha ya maneno hayo walihakikisha hakuna mawili yanayoanza kwa herufi nne zilezile. Mwenye maneno 12 kazi yake ni nusu. Nyundo, panchi za herufi, kipande cha stenlesi, na mchana mmoja wa Jumamosi majirani wakivumilia kelele.

Wanaouza mabamba ya kazi hii ng'ambo huyapamba kana kwamba ni uvumbuzi wa maabara. Huu ni uhunzi tu, na mimi ni mtetezi wa uhunzi huo. Ugomvi wangu ni na namna unavyohubiriwa, kwamba ukishagonga herufi ya mwisho umemaliza. Chuma kinashinda moto, maji na mchwa. Hakiwashindi vijana wanaopita mitaani wakikusanya vyuma chakavu, wala hakimwambii mjane wako kwamba alichokishika mkononi ni fedha.

Kwa ambaye mambo haya ni mageni: sarafu haimo ndani ya simu. Bitcoin, kwa mfano, ni daftari moja la hesabu ambalo nakala zake zinatunzwa na maelfu ya kompyuta duniani. Kilichomo kwenye simu yako, au kwenye kile kifaa kidogo cha kuhifadhia, ni ufunguo wa kutia saini, na ufunguo huo ni namba kubwa mno. Mtu akiinakili kwa mkono atakosea. Mwaka 2013 Marek Palatinus na Pavol Rusnák, waliokuwa wakitengeneza kifaa cha Trezor huko Prague, pamoja na Aaron Voisine na Sean Bowe, walipendekeza utaratibu unaoitwa BIP39: namba hiyo igeuzwe kuwa maneno ya kawaida kutoka orodha ya maneno 2048. La kwanza ni "abandon", la mwisho ni "zoo". Karibu kila pochi ya leo inafuata utaratibu huo.

Maneno 12 yanabeba namba yenye tarakimu 39, na hakuna kompyuta iliyopo leo ya kuibahatisha. Kwa hiyo wezi hawahangaiki kubahatisha. Wanatafuta mahali ulipoyaandika. Mwenye maneno ndiye mwenye mali. Haulizwi namba ya siri ya kifaa, haombwi kitambulisho, hapigiwi simu na benki. Anayaingiza kwenye kifaa kingine popote duniani na fedha zinamtii. Uzuri wake ni kwamba simu ikiibiwa Manzese au ikitumbukia chooni, hujapoteza kitu. Ubaya wake msomaji ameshauona.

Na usije ukajitungia maneno yako mwenyewe, ukachukua methali au ubeti unaoupenda. Akili ya binadamu haijui kubahatisha. Pochi zilizofunguliwa kwa sentensi za kukumbukwa kichwani zilikombwa miaka mingi iliyopita na watu walioachia kompyuta zijaribu vitabu, nyimbo na misemo usiku na mchana. Acha kifaa kichague.

Sasa, kifaa kipya huja na kadi ya karatasi ya kuandikia maneno hayo. Ni karatasi ileile inayoshika moto kwenye nyuzi joto 230 hivi, wakati nyumba inayoungua hufika kati ya nyuzi 600 na 1,100. Hatuhitaji kufundishwa kuhusu moto. Soko la Kariakoo liliwaka Julai 2021. Gikomba ya Nairobi imeungua mara nyingi kiasi kwamba habari yake haishtui tena. Masika ya 2024 yalizoa nyumba Mai Mahiu na kuzamisha vijiji vya Rufiji. Na hata pasipo janga, karatasi ya pwani ina maadui wa kila siku: unyevunyevu, panya, mchwa, na wino wa kalamu ya bei chee unaofifia taratibu ndani ya droo. Mchwa hasa huwa nashangaa hawatajwi na wataalamu wa ng'ambo. Mchwa mmoja na wenzake wanamaliza hati ya kiwanja, cheti cha ndoa na pochi yako kwa msimu mmoja, bila moshi wala king'ora.

Wengi huikimbia karatasi kwa kupiga picha. Hapo ni kutoka kwenye kikaango na kuangukia motoni. Picha inapanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, inakaa kwenye kila kifaa ulichofungua akaunti yako, na siku hizi kuna programu hasidi zinazosoma picha. Februari 2025 wachunguzi wa Kaspersky walieleza kuhusu moja waliyoiita SparkCat: ilijificha ndani ya programu zilizokuwa kwenye maduka rasmi ya simu, ya Google na hata ya Apple, ikipekua picha za mtumiaji na kusoma maandishi yaliyomo, ikitafuta maneno haya haya. Kuyahifadhi kwenye ujumbe uliojitumia mwenyewe WhatsApp au kwenye rasimu ya barua pepe ni uzembe wa aina hiyohiyo. Maneno haya yasiguse kamera wala kibodi, isipokuwa kifaa chenyewe cha pochi.

Ndipo tunapofika kwenye chuma, na hapa sharti tuseme chuma gani, maana si kila king'aacho kitakufaa. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, yaani moto wa kawaida wa nyumba unaweza kuigeuza uji. Shaba inahimili hadi 1,085, ambako ni pembezoni mwa hatari. Shaba tumeshaiona ikitunza maandishi kwa karne: sarafu za masultani wa Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zilitambulika ni za Kilwa ingawa haijulikani zilifikaje huko. Lakini hazikupitia moto wa godoro la sponji na mtungi wa gesi. Stenlesi huyeyuka karibu na nyuzi 1,400. Titani hufika 1,668, na bei yake inapanda pamoja nayo. Kwa nyumba ya kawaida sioni sababu ya kuilipia.

Kwa anayeishi Tanga, Mombasa, Unguja au mji wowote ambako upepo wa bahari unakula mageti, nitamwambia aulize gredi. Stenlesi ya kawaida ya sufuria, 304, ni nzuri lakini chumvi huitoboa vitundu vidogo kadiri miaka inavyokwenda. Gredi 316 imetiwa molibdeni, na ndiyo inayotumika kwenye vifaa vya meli. Chuma cheusi cha mageti kisikuingie akilini hata kidogo. Kutu haina haraka, ila ina miaka yote.

Kuna Mmarekani anaitwa Jameson Lopp ambaye tangu 2018 amekuwa akinunua mabamba ya kampuni mbalimbali na kuyatesa: anayachoma, anayatia asidi, anayakandamiza kwa mashine ya haidroliki ya tani 20. Matokeo yake ameyaweka hadharani, na somo linalojirudia halizifurahishi kampuni zenye bidhaa za kupendeza. Zile zenye vigae vidogo vya herufi vinavyoteleza kwenye reli ndizo zinazopata shida: fremu ikijikunja vigae vinamwagika, na herufi 96 zilizomwagika ni takataka. Kipande kimoja kizima, chenye herufi zilizozama kwa nyundo, ndicho kinachotoka kwenye mateso hayo kikiwa bado kinasomeka. Kitu cha bei ndogo kinakishinda cha bei kubwa, jambo ambalo halitokei mara nyingi kwenye biashara ya kripto.

Kwa hiyo nenda kwa mafundi. Gerezani Dar es Salaam, Kamukunji Nairobi, mtaa wowote wenye watu wa kukata vyuma. Mwambie fundi akukatie kipande chenye ukubwa wa kiganja, unene wa milimita mbili au tatu, akisawazishe kingo, akitoboe tundu kwenye kona. Mlipe, mshukuru, ondoka. Asiguse herufi hata moja. Fundi anaweza kuwa mtu mwaminifu kuliko mimi na wewe, lakini akishayaona maneno, mali imeshakuwa ya watu wawili, na siku ikipotea utamshuku mtu asiye na hatia maisha yake yote.

Njia nyingine ninayoipenda zaidi ni ya washa. Nunua washa 24 za stenlesi, pana kiasi, na bolti moja ndefu yenye nati. Kila washa unagonga neno moja, na nyuma yake namba ya mfuatano. Unazipanga kwenye bolti, unakaza nati. Herufi zote zinakuwa ndani, zimelaliana, na kwa nje anayeokota anaona bolti ya gari. Namba ya mfuatano usiiache. Maneno 12 yakichanganyika yana mipangilio zaidi ya milioni 479. Mjuzi mwenye kompyuta anaweza kuhangaika nayo akafika. Maneno 24 yakichanganyika, hakuna wa kukusaidia.

Wapo wanaogonga namba badala ya herufi, kwani kila neno lina nafasi yake kwenye orodha, na seti ya panchi kumi za tarakimu ni rahisi kuliko za herufi 26. Ni akili nzuri yenye mtego mmoja: kompyuta huanza kuhesabu orodha hiyo kutoka 0, ilhali orodha zilizochapishwa huanza na 1. Usipoandika ulianzia wapi, atakayekuja baada yako atakosea kwa nafasi moja kwenye kila neno.

Tahajia nayo ina balaa lake kwetu. Orodha ya BIP39 ipo kwa Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kichina, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki na Kireno. Ya Kiswahili haimo, na pochi nyingi hata hivyo zinatumia ile ya Kiingereza tu. Sasa ndani ya orodha ya Kiingereza mna "glass" na mna "grass". Mna "loyal" na mna "royal". Mtu aliyezoea kubadilishana r na l akisomewa maneno na mwenzake akayagonga kwa kusikia, ameshajitengenezea pochi isiyofunguka. Upo ukaguzi uliofichwa ndani ya neno la mwisho, lakini kwenye maneno 12 kosa la neno moja lina nafasi moja kati ya 16 ya kupita bila kugunduliwa. Gonga kwa kutazama kioo cha kifaa, herufi kwa herufi, wala usisomewe.

Niwageukie wauzaji. Habari wanayoipenda kuliko zote ni ya James Howells wa Newport, Wales, ambaye mwaka 2013 diski yake ya kompyuta yenye ufunguo wa Bitcoin kama 8,000 ilitupwa jalalani. Ameililia halmashauri ya mji zaidi ya miaka kumi imruhusu kufukua, na Januari 2025 mahakama ikaitupilia mbali kesi yake. Ni kisa cha kusikitisha, lakini hakina uhusiano na bamba. Sarafu zake alizichimba 2009, wakati maneno ya kurejesha hayajabuniwa. Na hata kama angekuwa na bamba, kilichomponza ni diski kuingia kwenye mfuko wa taka kimakosa. Bamba nalo linaingia kwenye mfuko wa taka.

Tena linaingia kwa urahisi zaidi kwetu kuliko Wales. Huko kipande cha chuma kilichoanguka nyuma ya kabati kinaweza kukaa miaka 40. Hapa kina bei kwa kilo. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alilazimika kusimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu Kenya kwa sababu watu walikuwa wanang'oa vyuma vya minara ya umeme wa taifa. Nchi ambayo mnara wa umeme hauko salama, bamba lako lililofukiwa chini ya mwembe halina kinga. Mtoto ataliokota akichimba chambo. Dada wa kazi atalitoa kwenye stoo siku ya usafi. Wala hakuna atakayekuwa ameiba. Kila mmoja atakuwa ameona kipande cha chuma chenye maandishi ya ovyo na kijana wa mizani anapita.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: ukiagiza bamba la kripto kwa jina lako na anwani yako, umejisajili kwenye orodha ya watu wenye kitu cha kuficha. Mwaka 2020 kampuni ya Ledger ya Ufaransa, inayotengeneza vifaa vya pochi, iliibiwa taarifa za wateja. Majina, anwani na namba za simu za watu takriban 272,000 zikamwagwa mtandaoni. Baada ya hapo wateja wakaanza kupokea barua na hata vifaa bandia nyumbani kwao, vyote vikiwataka waingize yale maneno 24. Na si barua tu: Januari 2025 mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo alitekwa huko Ufaransa na watekaji wakamkata kidole wakidai fedha. Stenlesi ya Gerezani, iliyolipwa taslimu, haina orodha ya wateja. Kwa hilo peke yake nampa fundi wa mtaani kura yangu.

Lakini mambo haya yote, gredi, washa, wezi, ni sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni msomaji wa bamba.

Mwaka 1952 wanaakiolojia walikuta kwenye pango huko Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, hati iliyoandikwa kwenye shaba badala ya ngozi. Ilikuwa imeshika kutu na kukauka kiasi kwamba haikukunjuka. Ilibidi ipelekwe Manchester ikatwe vipande kwa msumeno. Ilipofunguka, herufi zilisomeka. Ni orodha ya sehemu zaidi ya 60 ambako dhahabu na fedha zimefichwa, pamoja na vipimo vya kina na maelezo ya mahali. Hati hiyo iko Amman leo. Hazina haijapatikana hata moja, kwa sababu mwandishi alimwandikia mtu aliyeyajua mabonde na visima vyake kwa majina, na mtu huyo alikufa karibu miaka 2,000 iliyopita. Chuma kilitimiza wajibu wake wote. Msomaji ndiye aliyekosekana.

Fikiria sasa nyumba zetu. Baba akifariki Mombasa au Morogoro, shamba lake litaonekana tu, hata kama alilificha. Jirani atasema, mpaka una mashahidi. Akaunti ya benki itaonekana kwenye kitabu au kadi. Fedha zilizokuwa kwenye simu zina utaratibu: mjane anakwenda kwa kampuni na cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi, anazungushwa, anarudi, mwishowe analipwa. Kenya imeunda hata mamlaka ya kushika mali za kifedha zisizodaiwa, kwa sheria ya mwaka 2011, na pesa zilizosahaulika zinangoja huko mwenyewe ajitokeze. Pochi ya maneno 24 haina jirani, haina tawi, haina mamlaka. Kadhi anaweza kuhesabu thumuni ya mke na mafungu ya watoto kwa usahihi wote, kuifungua hawezi. Mahakama ya mwanzo itamteua msimamizi wa mirathi, naye atasimamia hewa.

Na sheria mpya zisikudanganye. Kenya ilipitisha 2025 sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali; Tanzania, ambayo mwaka 2019 Benki Kuu yake iliwaonya wananchi kuhusu sarafu hizi, ilianza 2024 kutoza kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wake. Sheria hizo zinagusa makampuni na miamala. Hazina mkono unaofika kwenye bolti iliyo stoo kwako.

Hapa ndipo wanaume wa kizazi changu tunapokwama. Tunanunua stenlesi ya meli, tunagonga herufi kwa mikono inayotetemeka, halafu tunakaa kimya kwa sababu hatutaki mke ajue tuna kiasi gani. Siri ya kiasi ni haki ya mtu, sitaingilia ndoa za watu. Siri ya kuwepo kwa mali ni jambo jingine. Kumwambia mkeo, au mwanao mkubwa, au dada yako, kwamba "kuna kitu hiki, kinaitwa hivi, nikifa usikitupe" hakumpi hata senti moja ya kutumia. Kunamzuia asikipeleke kwenye mizani.

Ninachopendekeza ni barua. Iwe karatasi, hakuna haja ya chuma, nayo ikae pamoja na hati za kiwanja na wasia. Ndani yake usiandike neno hata moja kati ya yale 24. Andika kwamba una pochi ya sarafu za mtandao na ni ya aina gani, kwamba maneno yake yako kwenye chuma na chuma hicho kina sura gani, nani anajua kilipo, na mtu yupi mwenye ujuzi unayemwamini aitwe kusaidia. Kisha kwa herufi kubwa: asiyaingize maneno hayo kwenye tovuti yoyote wala asimsomee mtu yeyote kwenye simu, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni. Matapeli wa misiba wapo, na mjane aliyeshika bamba kwa mara ya kwanza ndiye windo lao rahisi kuliko wote.

Kuhusu mahali: bamba lisikae nyumba moja na kifaa. Watu wetu wametawanyika, na hilo kwa mara moja linatufaa. Familia yenye ndugu Unguja, Muscat na London tayari ina sehemu tatu ambazo haziungui siku moja. Ila usikate maneno nusu kwa nusu ukampa huyu 12 na yule 12. Watu hufanya hivyo wakidhani wamejilinda, kumbe wameongeza njia za kupotea: nusu moja ikienda na mafuriko, nyingine haina thamani. Ukitaka kugawa, gawa kwa njia iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1979 mwanahisabati Adi Shamir alionyesha jinsi siri inavyoweza kugawanywa mafungu matatu, mawili yoyote yakaifungua na moja peke yake lisiseme kitu. Vifaa vya Trezor vina mfumo unaotumia hesabu hiyo, kila fungu likiwa na maneno 20 ya kugonga. Ni njia nzuri, na ni kazi ya nyundo mara tatu. Kama warithi wako hawana mtu wa kompyuta karibu, ningebaki na nakala mbili kamili za chuma, kila moja kwa mtu au mahali pa kuaminika, na basi.

Wale wanaoongeza neno la 25, la kubuni wenyewe, ili mwizi wa bamba asipate kitu, nawaelewa. Wajue tu kwamba neno hilo halina ukaguzi. Ukikosea herufi moja kifaa hakilalamiki, kinakufungulia pochi nyingine tupu, na mrithi wako ataapa kwamba marehemu hakuwa na kitu. Neno hilo nalo liandikwe mahali pengine.

Je, kila mwenye kripto afanye haya? Hapana. Mwenye sarafu za thamani ya simu ya mkononi asijisumbue. Karatasi mbili kwenye nyumba mbili zinamtosha. Ajisumbue yule ambaye kiasi chake kikipotea ada ya shule itakosekana. Huyo namtaka afanye jambo moja kabla hajapeleka bamba popote. Aingize kiasi kidogo kwenye pochi. Akifute kifaa kabisa, kirudi kama kilivyotoka dukani. Kisha akirejeshe kwa kusoma kutoka kwenye chuma chenyewe, bila kutazama ile kadi ya karatasi wala kutegemea kumbukumbu, na yule aliyemchagua kuwa mrithi akae pembeni aone hatua zinavyokwenda, maneno yenyewe yakiwa yamefunikwa. Kiasi kile kikionekana tena, kadi ichomwe, na zilizobaki zihamishwe. Kisipoonekana, apange panchi zake upya, hajapoteza kitu bado.